Moyo Hujaa Kwanza

Watu wengi huusifu moyo kwa kusukuma damu, wakasahau kwamba kabla ya kusukuma hauna budi kujaa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo huchukua muda usiofika sekunde moja. Katika muda huo mfupi, sehemu iliyo kubwa zaidi ni ya kulegea na kupokea damu.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya chini vilegeapo, vali zilizo katikati hufunguka na damu humiminika yenyewe. Sehemu kubwa huwa imekwisha kuingia ndipo vyumba vya juu hujikaza kumalizia iliyosalia. Kisha vyumba vya chini hujikaza. Vali zile hujifunga, na hapo daktari husikia sauti ya kwanza ya pigo. Damu ya kulia huenda mapafuni, ya kushoto mwilini kote. Chumba cha kushoto hutoa kiasi cha mililita 70 kwa pigo, yaani lita 5 hivi kwa dakika. Askari akimbiapo mapigo huongezeka, na muda unaopungua zaidi ni ule wa kujaa.

Thamani ya kujaa ilidhihirika Kampala. Mwaka 1948 Dakta J.N.P. Davies alieleza ugonjwa aliouona katika mioyo ya marehemu: ngozi ya ndani ya vyumba vya chini ilikuwa nene na ngumu kama kovu. Moyo wa namna hiyo waweza kujikaza, lakini hautanuki. Damu iliyokosa nafasi hurudi nyuma. Irudipo mapafuni, pumzi hupungua. Irudipo upande wa kulia, ini huvimba na tumbo hujaa maji, pengine miguu ikiwa bado myembamba. Basi jamaa hudhani ni maradhi ya ini au, vibaya zaidi, uchawi, na miezi hupotea bure. Wagonjwa wengi ni watoto na vijana.

Chanzo chake hakijathibitishwa hata leo. Dawa za kupunguza maji huleta nafuu, wala haziondoi kovu. Upasuaji hufaa wachache. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, hutumia mashine ya mawimbi ya sauti, nayo huonyesha vyumba vikijaa au vikishindwa kujaa, pasipo kisu wala maumivu. Mtoto anayefura tumbo na kuhema apandapo kilima apelekwe kupimwa juma hilo hilo, hata kama miguu yake haijavimba.