Sauti Njema Haingoji Studio ya Fahari

Wako vijana wengi wenye gitaa, koo safi na maneno ya kuimba, lakini wamekaa kitako wakingoja siku watakayopata fedha za kwenda studio. Nathubutu kusema kuwa kungoja huko ni hasara, na hasara yenyewe si yao peke yao. Wimbo usionaswa huondoka na mwenyewe.

Nilipata kufika Cheptais, mji mdogo katika miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Huko Wasabaoti wana ujirani na Wabukusu, wenye litungu lao. Kijana mmoja mpiga gitaa aliniuliza, "Mzee, ninunue nini ili nijirekodi nyumbani?" Mara mbili alikwisha kulipa studio ya mjini, na mara zote mbili alirudi na wimbo uliojazwa ngoma za mashine, gitaa lake limezama chini kama jiwe kisimani. Swali lake lastahili jibu la wazi, maana na huku pwani waimbaji wa kasida na wasoma mashairi huniuliza lilo hilo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake ikaingia katika sahani ya santuri. Wapiga gitaa wa Magharibi ya Kenya, kama marehemu George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, walizifuata studio Nairobi. Lakini njia ya pili nayo ilikuwapo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikwenda mwenyewe Kapkatet akawanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", na mwaka 1952 akamnasa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, kwa gitaa moja na sauti moja. Nyimbo hizo zasikilizwa hata leo. Hazina ngoma za mashine, wala hapana aliyelalamika.

Basi nilimjibu hivi: kabla ya kufungua mfuko, tazama chumba. Cheptais nyumba nyingi ni za mabati, na mvua ya mlimani ikianza kupiga, hakuna maikrofoni duniani itakayokuokoa. Rekodi asubuhi, mbingu ikiwa kavu. Kwetu pwani adui ni mwingine: kuta za mawe na dari ndefu hurudisha sauti kama pangoni. Dawa ni moja. Tundika mablanketi mazito, simamisha godoro nyuma yako, tandika mkeka na zulia. Vitu hivyo umo navyo ndani, na faida yake yaweza kuushinda ubora wa maikrofoni ya bei.

Pili, chagua kwa hali yako. Asiye na kompyuta, au ambaye umeme kwake huja na kwenda, na anunue kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye maikrofoni mbili, kinachotumia betri. Kampuni za Zoom na Tascam hutengeneza vya bei nafuu. Hicho kinatosha kwa gitaa na sauti, na chaweza kupelekwa hata kwa bibi aliye juu mlimani.

Mwenye kompyuta ahitaji vitu vitatu: kijisanduku cha intafesi kinachoipokea sauti na kuipeleka katika kompyuta, maikrofoni moja, na hedifoni zinazofunika masikio. Programu ya Audacity hutolewa bure. Asishawishike kununua kisanduku cha matundu manane ilhali mdomo wake ni mmoja na gitaa lake ni moja. Matundu mawili yatosha.

Maikrofoni nazo ni za namna mbili. Ya kondensa husikia kila kitu, ung'avu wa nyuzi na pumzi ya mwimbaji, lakini pia jogoo wa jirani na pikipiki barabarani. Tena aghalabu hutaka umeme wa volti 48 kutoka katika intafesi. Ya dainamiki, kama Shure SM57, ni ngumu, haihitaji umeme huo, na husikia zaidi kilicho karibu. Upungufu wake ni kuwa gitaa linalopigwa polepole hutaka kuongezewa nguvu sana, na hapo mvumo huingia. Penye utulivu chukua kondensa. Penye kelele chukua dainamiki. Bruce Springsteen, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, aliirekodi "Nebraska" nyumbani mwaka 1982 kwa SM57 mbili na mashine ya kaseti ya njia nne.

Tatu, jifunze kuweka. Usiielekeze maikrofoni katika tundu la gitaa, litanguruma. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa shubiri moja au moja na nusu. Mdomo nao usiikabili maikrofoni wima. Isogeze kando kidogo, herufi za P na B zisipulize. Sisi tuliosomeshwa chuoni kila herufi itoke mahali pake twajua kuwa ulimi uliofundishwa hupunguza kazi ya fundi. Usiache mshale ufike penye rangi nyekundu, na hifadhi nakala mbili mahali pawili.

Watasema wengine kuwa studio kubwa hushinda. Sikatai. Ina vyumba vizuri na mafundi wenye uzoefu, na mwenye uwezo na aende. Lakini fundi wa mjini huuza saa, na mwimbaji anayehesabu dakika huimba kwa hofu. Nyumbani waweza kurudia mara ishirini, ukaacha ile iliyo ya kweli.

Jambo langu la mwisho ni kwa wenye vifaa tayari. Usijirekodi wewe tu. Mwombe idhini mzee ajuaye nyimbo za jando, za mavuno au za kubembeleza mtoto, umnase kwa lugha yake, uandike jina lake, mahali na tarehe, kisha umpe nakala. Lugha ya Kisabaoti haina santuri nyingi madukani, na tenzi zetu nyingi zingali vifuani mwa watu. Asiye na kinasa na aanze na simu ya mkononi aliyo nayo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa kutazamwa.