Ushahidi wa Sisimizi

Wako wasomi wangali wakinena, tena bila haya, kwamba mageuzi ni ngazi, na kwamba kila kiumbe hupanda daraja kwa kadiri ya wingi wa kromosomu zake, yaani zile nyuzi za seli zibebazo urithi. Si neno la mzaha. Ngazi hiyohiyo ndiyo iliyotumika zamani kuyapanga mataifa ya watu, na sisi twajua tuliwekwa kipago gani. Mimi naikana, na shahidi wangu ni sisimizi. (Namtaja sisimizi, si mchwa, mchwa ni wa ukoo mwingine kabisa.)

Mwanadamu ana kromosomu 46. Hata hizo hazikuhesabiwa sawasawa mpaka mwaka 1956, na Tjio na Levan, vitabu vikiwa vimeshikilia 48 kwa miaka zaidi ya 30. Huko Brazili yuko sisimizi aitwaye Dinoponera lucida, ambaye baadhi ya makundi yake yana 120. Je, tumwamkie? Na karibu na Canberra, Australia, yuko yule aliyetangazwa na Crosland na Crozier mwaka 1986, akaja kuitwa Myrmecia croslandi. Sisimizi mtenda kazi wa aina hii huweza kuwa na jozi moja tu. Na dume, kwa kuwa huzaliwa na yai lisilorutubishwa, ana kromosomu moja peke yake. Hata hivyo huwinda, huruka, na huuma kwa sumu kali, sawa na jamaa zake wa karibu ambao hesabu yao hufika 32.

Imai wa Japani alishikilia kwamba kromosomu za sisimizi huelekea kukatika na kuongezeka, ili zisigongane kwa madhara. Vema, lakini hao wa jozi moja walifika hapo kwa vipande kuungana. Ngazi gani hiyo, ambayo kupanda na kushuka ni mamoja?

Tena hesabu yenyewe huficha mengi. Sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, dume wake ana 16. Lakini mwaka 2013 ilibainishwa kwamba katika mojawapo ya hizo 16 imo sehemu kubwa iliyopinduka, nayo ndiyo iamuayo kama kundi litavumilia malkia wengi au litamtaka mmoja tu. Aliyeishia kuhesabu asingaliiona.