Pombe ya Usiku, Ajali ya Asubuhi

Sikukuu zinapokaribia, onyo huelekezwa kwa anayetoka baa usiku. Anayesahaulika ni yule aliyelala, akaamka alfajiri akijiona mzima, kisha akawapakia watoto garini na kushika barabara ya Bariadi–Lamadi kuelekea Mwanza.

Ini haliharakishwi. Huondoa takriban miligramu 15 za pombe kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Aliyelala saa nane usiku akiwa na miligramu 150 huamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa bado na 90, juu ya kikomo cha kisheria cha 80. Damu yake haitakuwa safi hadi saa sita mchana. Hata chini ya kikomo, jicho na mkono huchelewa. Kahawa, supu na kuoga maji baridi huondoa usingizi, havimlevushi mtu.

Sisi watoa huduma, Somanda na kwingineko, tumuulize kila mgonjwa mnywaji mwezi huu wa Desemba: "Kesho yake ataendesha nani?" Nawe msomaji, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, mkabidhi ufunguo asiyekunywa, au safari ingoje alasiri.