Kilio Si Kipimo cha Hatari

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya jambo liletalo ugomvi mlangoni pa hospitali nyingi. Tuseme lori limepinduka kilimani, nalo lilikuwa limepakia watu juu ya mizigo. Majeruhi wanafikishwa, wengine migongoni mwa watu, wengine kwa pikipiki. Kijana aliyevunjika mkono apiga kelele hata wote wamtazame. Kando yake mzee amelala kimya, uso umepauka, jasho la baridi lamtoka. Mwuguzi ampita kijana, amwinamia mzee. Hapo jamaa za kijana waanza kumtukana: «Huna huruma! Humsikii mtoto wetu?»

Sisi twasema kwamba mwuguzi huyo ametenda haki. Mwenye kulia ana pumzi ya kulilia: koo lake li wazi, kifua chake chavuta hewa, akili yake ingali macho. Lakini yule anyamazaye, habari zake hazijajulikana bado, na shurti zitafutwe upesi. Kilio ni kipimo cha maumivu. Si kipimo cha hatari.

Utaratibu huu wa kutazama kwanza lile liuwalo upesi ulipatikana kwa msiba. Mwezi wa Februari 1976, daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alikuwa akirusha ndege yake ndogo pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Ndege ilianguka katika shamba huko Nebraska. Mkewe alikufa papo hapo, watoto watatu waliumia vibaya sana. Katika hospitali ndogo ya karibu, baba huyo aliona kwamba watu walikuwa na nia njema, ila hawakujua waanzie wapi. Watoto wake walipona. Naye pamoja na wenzake wakatunga mafunzo yenye mpango mmoja kwa majeruhi wote. Yalifundishwa mara ya kwanza mwaka 1978, na mwaka 1980 chama cha wapasuaji wa Marekani kikayashika na kuyaeneza. Leo yafundishwa katika nchi nyingi za dunia.

Mpango wenyewe ni huu. Damu ikibubujika nje, mwuguzi huizuia kwanza kwa kufinya jeraha kwa nguvu. Isipokoma mkononi au mguuni, hufunga kamba pana ya kubana juu ya jeraha na kuandika saa aliyoifunga. Kisha hutazama njia ya hewa. Humwuliza mgonjwa jina lake: akijibu kwa sauti safi, jibu hilo moja laeleza mambo mengi. Asipojibu, huinua taya lake pasipo kuikunja shingo, maana yaweza kuwa imevunjika; na damu au matapishi huyatoa kinywani.

Tatu, kifua. Je, pande zote mbili zapanda sawasawa? Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika. Zikipita 30, au zikipungua chini ya 10, hatari i karibu. Nne, mwendo wa damu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mfupa wa paja ukivunjika, lita nzima au zaidi yaweza kumwagika ndani ya nyama, wala tone moja lisionekane nje. Tena kipimo cha presha chaweza kudanganya: mara nyingi hakishuki mpaka theluthi ya damu imekwisha kupotea. Kwa hiyo mwuguzi mwenye busara hushika mkono wa mgonjwa. Ngozi ya baridi na mapigo ya mbio humwambia mapema kuliko chombo.

Tano, akili: je, mgonjwa yu macho, aitikia sauti, aitikia maumivu tu, au haitikii kabisa? Na mboni za macho, je, ni sawa? Mwisho humvua nguo, humtazama hata mgongoni, kisha humfunika, kwa sababu mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Akimaliza huanza tena tangu mwanzo, kwani aliye salama saa hii aweza kuzidiwa baada ya nusu saa.

Methali yetu yasema maji yakimwagika hayazoleki. Na damu ni vivyo hivyo. Uchunguzi uliofanywa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba dawa ya bei nafuu, asidi ya traneksamiki, hupunguza vifo vya kutokwa na damu, ikiwa yatolewa kabla ya saa 3 kupita. Ikichelewa zaidi, yaweza kudhuru. Mnaona basi jinsi ugomvi wa mlangoni ulivyo na gharama.

Kumbukeni pia kwamba katika Kongo kituo cha afya huongozwa kwa kawaida na mwuguzi, wala si daktari. Kwa ajili ya watu kama hao, mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zilitoa mafunzo ya huduma ya dharura kwa mahali penye vyombo vichache. Lakini mwuguzi ana mikono miwili tu. Mikono mingine ni yenu.

Basi ajali ikitokea, msimvute majeruhi ovyo kutoka motokari, isipokuwa moto au hatari nyingine yamjia. Finyeni jeraha litokalo damu kwa kitambaa safi, wala msiinue kila mara kutazama. Kisu au kijiti kilichochoma mwilini msikichomoe. Msimpe maji, chakula wala pombe, kwa maana huenda atapasuliwa. Mchukueni watu kadha kwa pamoja, juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Mfikapo, mwambieni mwuguzi mambo matatu: ajali ilikuwaje, saa ngapi, na mgonjwa alikuwaje tangu hapo.

Kisha mpisheni. Na akimpita mtoto wenu anayelia, vumilieni, mkae karibu na mtoto, mmshike mkono, mmtulize. Mkiona amenyamaza ghafula, au ameanza kusinzia, hapo iteni kwa sauti kubwa, wala msione haya. Enyi wanafunzi, jifunzeni mpango huu kwa moyo, mkawafundishe wazee wenu nyumbani, kabla lori jingine halijapinduka.