Sumbawanga: Mikono iko kwenye usukani, akili iko kwenye simu

Sumbawanga. Simama dakika 10 tu kando ya barabara pale Majengo au Kizwite, utawaona. Bodaboda anapita, mikono yote miwili imeshika usukani, simu imechomekwa ndani ya helmeti ikagusa sikio, na mdomo unafanya kazi. Anapatana bei na mteja wa pili huku wa kwanza amempakia nyuma.

Kwa wenye magari ni yale yale kwa staili nyingine. Dereva wa Noah ana hedifoni kwenye sikio moja. Wa Fuso kaegesha kitochi kwenye dashibodi, kakiweka laudi. Mwenye gari jipya kidogo ana Bluetooth: akipigiwa, muziki unakatika na sauti ya mpigaji inatokea kwenye spika za gari.

Utetezi wao ni mmoja: sijashika simu. Mikono iko huru, macho yako mbele, sasa shida iko wapi?

Shida iko kichwani, na wataalamu wameanza kulisema hilo zamani.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Canada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha matokeo ya kuchunguza madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waliona kuwa hatari ya kugonga inapanda takriban mara nne dereva anapokuwa kwenye simu. Kilichoshangaza ni kwamba wale waliotumia vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama zaidi ya walioishika. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linatumia makadirio hayo ya mara nne, na linasema kuongea bila kushika simu hakuna nafuu kubwa.

Si wote wanaokubali moja kwa moja. Watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walifunga kamera ndani ya magari na kuwafuatilia madereva wakiwa kwenye shughuli zao za kawaida. Wao waliona hatari kubwa zaidi iko kwenye kuinyanyua simu, kubonyeza namba na kutazama kioo, kuliko kwenye maongezi yenyewe. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua, bora aliyevaa hedifoni kuliko anayeendesha pikipiki kwa mkono mmoja. Lakini bora haimaanishi salama.

Konda anaona, mpigaji haoni

Swali linalokuja haraka ni hili: mbona dereva anaongea na konda safari nzima na hakuna anayelalamika?

Tofauti ni kwamba konda anaona barabara. Mkokoteni wa maksai ukichomoza kutoka shambani, konda ananyamaza, au anapiga kelele. Maongezi yanapanda na kushuka kufuatana na hali ya mbele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walilipima jambo hili mwaka 2008 na kukuta abiria wa kando mara nyingi anamsaidia dereva kuiangalia njia. Aliyepiga simu kutoka Tunduma haoni ng'ombe wala ukungu. Anaendelea tu kuuliza mahindi yamefika kilo ngapi, na dereva anaona aibu kumkatisha.

Na kwa Ufipa, hali ya mbele ni kitu cha kuangalia kweli. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilipata lami kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC. Zamani, kabla ya lami, vumbi na mashimo vilikulazimisha uwe makini hata kama hutaki. Leo ni lami iliyonyooka, gari linateleza, na simu inaita.

Upande wa pili kuna njia ya kushuka Bonde la Ziwa Rukwa kuelekea Muze, kwenye ukingo wa Lyambalyamfipa. Huko ni kona juu ya kona na mteremko mkali. Ni mahali ambapo dereva anahitaji akili yote, siyo nusu.

'Piga kwa...' isiyoelewa Kiswahili

Kampuni za simu na magari zina jibu lao: usishike chochote, iambie simu kwa sauti impigie unayemtaka, ipokee, ikusomee meseji.

Tatizo la kwanza ni lugha. Siri ya Apple haina Kiswahili. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, lakini kuandika kwa sauti ni jambo moja na kuiamuru simu njia nzima ni jingine. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za Kiswahili ili mashine zijifunze. Ni hatua nzuri. Kifipa, lugha ya nyumbani kwa wengi hapa, bado hakijafika hata mlangoni.

Sasa fikiria dereva aliyehifadhi namba kwa majina kama "Mama Wawili Matai" au "Fundi Taya Laela". Anaiamuru simu kwa Kiingereza cha kubahatisha, inasikia kitu kingine kabisa. Anarudia. Anarudia tena kwa hasira. Mwisho anaichukua na kutafuta jina kwa kidole. Teknolojia iliyokuja kumwokoa imemchosha mara mbili.

Tatizo la pili lipo hata kwa wanaoelewana na simu zao. Mwaka 2015 taasisi ya AAA ya Marekani ilitangaza kuwa baada ya dereva kumaliza kutoa amri ya sauti, akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu, kwa mifumo iliyofanya vibaya zaidi. Sekunde 27 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 600. Yaani umeshamaliza na simu, umeshatulia, na bado unaweza kuvuka kijiji kizima kilichojipanga kando ya lami kabla hujarudi mzima.

Hata hivyo mjadala huo wa amri za sauti ni wa wachache. Simu nyingi zinazoita kwenye Fuso za mahindi ni vitochi.

Sheria na simu, rika moja

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kwa bahati ya ajabu, Aprili mwaka huo huo ndipo Martin Cooper wa Motorola alipopiga simu ya kwanza ya mkononi huko New York. Walioandika sheria hawakuwa na sababu ya kuwaza helmeti yenye simu ndani.

Kwa vitendo, trafiki anamkamata anayemwona. Simu ikiwa mkononi, ushahidi upo. Ikiwa kwenye helmeti au kwenye spika za gari, atathibitisha vipi? Hata mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi unajua gari liko wapi na linakimbia kiasi gani. Haujui kama dereva anajadiliana na tajiri wake.

Faini nayo haitishi sana. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa. Ilikuwa nafuu ya haki kwa vijana wenye kipato kidogo, ila kwa kosa hili mahesabu ni mepesi: mteja mmoja wa kudumu aliyepotea anauma kuliko faini isiyo na uhakika wa kutozwa.

Na hapo ndipo kiini kilipo. Bodaboda haongei na simu kwa starehe. Simu ndiyo kijiwe chake. Asipopokea, mteja anapiga namba inayofuata. Dereva wa Fuso anapigiwa na tajiri, dalali na mpakiaji, wote wakitaka kujua jambo moja: umefika wapi? Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, wapo pia wanaoona maongezi ndiyo dawa ya usingizi kwenye safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam.

Kwa maana hiyo lawama haimwishii dereva. Tajiri anayejua kabisa kuwa gari liko mteremkoni na bado anapiga mara tatu mfululizo naye anaendesha gari hilo, tena bila kuona mbele. Abiria wa kesho anayemwambia dereva amshikie siti ya mbele yuko kwenye kundi hilo hilo.

Kuna mambo madogo yanayowezekana bila kusubiri Bunge. Mpigaji anaweza kuanza na swali "uko njiani?", akijibiwa ndiyo, akate. Bodaboda anaweza kusimama pembeni nusu dakika. Mteja aliye nyuma hatakufa kwa kusubiri. Hata kitochi kina meseji fupi za kutuma ukiwa umesimama: naendesha, nitakupigia. Na kwenye Noah za Laela na Matai, namba iliyoandikwa kwenye kioo inaweza kuwa ya konda.