MAZIWA HAYASAFISHI MASIZI



Katika madai tuliyoletewa na matawi kwa ajili ya mapatano mapya, moja limerudiwa kuliko yote: watu wa boila waongezewe maziwa. Sasa wanapewa pakiti moja kila zamu, nao wataka mbili. Sisi twasema, na twajua wengine watatukasirikia, ya kwamba dai hilo halifai kupelekwa mbele ya tajiri.

Maziwa huenda tumboni, masizi huenda mapafuni. Njia hizo mbili huachana kooni wala hazikutani tena. Maziwa ni chakula chema, na twajua pakiti nyingi hazinywewi kazini bali hupelekwa nyumbani kwa watoto. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Lakini kama watoto wetu wahitaji maziwa, na yadaiwe katika mshahara, yasiitwe dawa ya moshi.

Kosa ni letu pia. Sisi viongozi ndio tuliotia sahihi mapatano yenye pakiti ile, tukarudi mkutanoni tukapigiwa makofi.

Kuna kiwanda kimoja cha chai tunachokijua vizuri, jina tunaliacha. Kuni za mikaratusi hushushwa uwanjani, zikanyeshewa usiku kucha, na asubuhi zikatiwa motoni. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Basi moto hupoteza nguvu kukausha maji kwanza, joto hushuka, na mvuke unaotoka katika kuni haupati joto wala hewa ya kutosha kuungua wote. Sehemu yake hugeuka chembe nyeusi za kaboni. Ndiyo masizi. Makaa ya mawe nayo hufanya vivyo hivyo yakinyimwa hewa. Na anayefungua mlango wa tanuri kutupa magogo ndiye anayepokea moshi wa kwanza usoni.

Masizi yaliyoganda ukutani si mabaya kuliko yote. Mabaya zaidi ni chembe zisizoonekana moja moja, ambazo upana wake haufiki mikroni 2.5, hali unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Pua haizizuii, wala kile kitambaa tunachojifunga. Zafika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo kupita zote huweza kupenya mpaka katika damu. Zikitoka katika bomba la moshi, kwa weusi wake hunyonya mwanga wa jua na kupasha hewa joto. Zikiangukia theluji ya milima kama Himalaya, huiharakisha kuyeyuka. Ila jambo moja latupa moyo: hazidumu hewani. Ni siku chache, au juma moja mawili, kisha hushuka, nyingi pamoja na mvua. Kiwanda kikisafisha moto wake leo, hatungoji wajukuu waje kuona faida.

Habari hii si mpya. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuwa watu waliopandishwa ndani ya mabomba ya moshi tangu utoto, ili wakwangue masizi, walipatwa na saratani ya mfuko wa korodani. Hiyo ndiyo saratani ya kwanza kujulikana kwamba imeletwa na kazi. Sheria ikatungwa kuwalinda watoto wale, ikapuuzwa. Ikatungwa nyingine, ikapuuzwa. Hata ile ya mwaka 1875 ndiyo iliyokomesha mambo. Miaka 100!

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri. Katika kiwanda kile kamati imo katika karatasi iliyobandikwa ofisini, na mmoja wa wajumbe wake alistaafu zamani.

Basi tudai banda la kuni lenye paa, na kuni zikae humo hata zikauke. Tudai feni ya hewa itengenezwe. Anayesafisha bomba apewe barakoa ya kuchuja chembe, na watu wa boila wapimwe mapafu kila mwaka kwa fedha za mwajiri. Tajiri atalia gharama. Aulizwe: moshi mweusi ni nini kama si kuni alizonunua zikatoka bila kuungua?

Pakiti iliyopo ibaki. Hatuiachi kabla banda halijaezekwa. Tunachokataa ni kuuza dai kubwa kwa pakiti ya pili.

Kuhusu majiko yasiyo na njia ya moshi katika nyumba za kampuni, tutaandika tena, maana mama atokaye kuchuma chai hukuta moshi ule ule nyumbani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Wajumbe wa matawi watuletee, kabla ya kikao cha kamati, habari hizi za kila kiwanda: kuni zalala wapi, boila ina watu wangapi kila zamu, na nani kati yao anakohoa.