Mshahara na Dansi la Mwisho wa Mwezi

Wako wasemao kwamba baa ndiyo ibomoayo nyumba za watu. Usemi huo ni mwepesi mno. Kutoka Upanga hadi Kariakoo si mwendo wa kuchosha miguu, na wafanyakazi waliopangishwa katika majumba yaliyotaifishwa mwaka 1971 waliufahamu vema kila ulipofika mwisho wa mwezi. Waendako hawakukuta ulevi mtupu.

Tukumbuke dansi lilikuwa mali ya nani. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, ambayo mashabiki wake tunaiita Sikinde, ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, lililokuwa na ukumbi wake papo hapo Kariakoo. Mpiga gitaa alipokea mshahara wa mwezi kama karani au dereva. Na waliimba nini watu hao? Ndoa, usaliti, talaka, masengenyo ya majirani, ugumu wa maisha mjini. Baba aliketi na chupa yake mezani, akasikiliza kisa kinachofanana na chake mwenyewe, kisha akainuka kukicheza! Ukumbi uleule uliomuuzia bia ndio uliomsuta.

Aliyepaswa kuusikia wimbo huo pamoja naye, hata hivyo, mara nyingi alikuwa amebaki nyumbani na watoto. Ilisemwa, na ingali inasemwa, kwamba mke wa mtu haonekani dansini. Mume mwenye msimamo huo angetueleza basi yeye hufuata nini mahali asipomtakia mkewe. Sijapata kusikia jibu la maana.

Zamani mshahara ulikuwa wa bahasha. Mama aliweza kuishika na kuhesabu, na bahasha iliyopungua ilijisema yenyewe. Tangu malipo ya simu yalipoingia nchini mwaka 2008 kwa M-Pesa, fedha imekuwa haionekani. Mtu ameketi kaunta, anabonyeza namba zake za siri mara moja, mara ya pili, mara ya tano kwa ajili ya rafiki aliyejiunga sasa hivi, na mkononi hasikii upungufu wowote. Noti ilikuwa na aibu yake. Ilipokwisha, ulikwenda kulala. Simu haina aibu hiyo, na mama hajui lolote mpaka siku ya kudaiwa kodi ya nyumba.

Basi, kabla jua halijatua siku ya mshahara, mtu na mkewe waketi. Kodi, unga, mkaa, nauli na ada ya shule vitolewe kwanza. Kisha litengwe fungu la starehe, litolewe kwa noti, na liwekwe mezani mbele ya wote wawili, kiingilio na nauli ya kurudi vikiwa ndani yake. Simu ibaki nyumbani, au waende nayo yenye salio la kupigia tu. Fungu likitosha wawili, waende wawili, watoto waachiwe shangazi au jirani mwema. Likitosha mmoja, mwezi huu aende mama, na baba akoroge uji.